Mdahalo wa Siasa Darasani: Hofu na Furaha ya Mwalimu Wetu

Katika makala haya nataka tujifunze pamoja namna ya kuendesha mdahalo wa siasa darasani bila darasa kugeuka uwanja wa vita. Wengi wetu tumezoea mada kama vile maisha ya mjini ni bora kuliko ya mashambani, au pesa ni bora kuliko elimu. Mada hizo ni nzuri kwa mazoezi, lakini haziumi. Hakuna mtu anayekwenda nyumbani amenuna eti kwa sababu maisha ya mashambani yameshindwa. Siasa ni jambo jingine kabisa. Siasa ina majina ya watu tunaowajua, na ulimi, kama tujuavyo, hauna mfupa.

Mwaka wa 2025 darasa letu la kidato cha tatu lilithubutu. Mimi nilikuwa katibu wa mdahalo, kwa hivyo haya ninayoyaeleza niliyaandika kwa mkono wangu siku ile ile.

KISA CHENYEWE

Kwanza tuyajue mambo yenyewe, maana mdahalo bila ujuzi ni kelele tupu.

Mwezi Machi mwaka huo kaunti yetu ya Meru ilikuwa inachemka kama chungu cha githeri. Tarehe 14, Mahakama Kuu ilikubali kwamba Seneti ilimwondoa Gavana Kawira Mwangaza kwa njia ya halali. Siku chache baadaye aliyekuwa naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa. Bi. Mwangaza alichaguliwa Agosti 2022 akiwa mgombea huru asiye na chama, akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Meru. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa mara tatu: Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Mara mbili za kwanza Seneti ilikataa, naye akabaki kitini. Mara ya tatu Seneti ikakubali, ndipo naye akaenda mahakamani.

Jirani zetu wa Embu walikuwa wametangulia. Mwaka wa 2014 Gavana Martin Wambora alikuwa wa kwanza nchini Kenya kupigiwa kura ya kuondolewa tangu kaunti zianze kazi mwaka wa 2013. Bunge la kaunti lilifanya hivyo mara mbili mwaka huo huo, na Seneti ikakubali mara zote mbili. Lakini alikwenda mahakamani, akaendelea kushika kiti, na mwaka wa 2017 watu wa Embu wakamchagua tena.

Mnaona basi? Kaunti mbili za mlima mmoja, na visa viwili vilivyoishia njia tofauti. Hapo ndipo mwalimu wetu alipotoa mada: "Kumwondoa gavana kabla ya muhula wake kwisha ni kumpokonya mwananchi kura yake."

KWA NINI MWALIMU ALIOGOPA

Alipoiandika mada ubaoni, darasa lilipiga makofi. Yeye hakutabasamu. Alikishika kipande cha chaki mkononi na kukivunja mara mbili, tatu, bila kukiandikia neno. Kisha akasogea akasimama karibu na mlango, mahali ambapo si kawaida yake kusimama.

Baadaye nilimwuliza alikuwa anaogopa nini. Akaniambia mambo matatu, nami nayaweka hapa kwa sababu ni sehemu ya funzo.

Kwanza, shule yetu ni ya kutwa. Katika shule ya bweni neno likisemwa Jumatatu linaweza kulala hapo hapo hadi likizo. Kwetu sisi, kengele ya jioni ikilia tu, kila neno linapanda matatu, linapita sokoni, linaketi mekoni na kusimuliwa kabla ya ugali kuiva. Na likifika huko linakuwa limenenepa. Mtoto husema "tulijadili," mzazi husikia "mwalimu alifundisha."

Pili, ndani ya darasa lile walikuwamo wasichana waliojivunia sana kuona mwanamke akiongoza kaunti, na walikuwamo wavulana ambao diwani wa wadi yao alikuwa amepiga kura ya kumwondoa. Tena Oktoba 2024 Seneti ilikuwa imemwondoa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, na nyumba nyingi za huku Mlima Kenya zilikuwa bado na kidonda. Wengine walikuwa hawajui hata wanaloliteta ni la gavana ama ni la naibu wa rais.

Tatu, mwalimu ana sauti kubwa kuliko sisi. Akitikisa kichwa tu, nusu ya darasa inaona hilo ndilo jibu la mtihani. Alihofia uso wake kuliko alivyohofia midomo yetu.

Hofu hii haikuanza leo. Babu yangu hunisimulia kwamba zamani mtu aliangalia nyuma kwanza kabla ya kutaja jina la mkubwa. Mwaka wa 1982 Katiba ya zamani iliongezwa kifungu cha 2A, kilichofanya Kenya iwe na chama kimoja tu kisheria. Kifungu hicho kiliondolewa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992. Walimu wengi waliotufundishia wazazi wetu walisoma na kufundisha katika miaka ile ya kunong'ona. Mtu aliyelelewa katika kunong'ona hawezi kuzoea sauti kwa siku moja.

FUNZO LA KWANZA: MADA ISIWE NA JINA LA MTU

Itazameni tena mada yetu. Haina Mwangaza wala Wambora. Inauliza juu ya kiti na juu ya kura. Kama mada ingekuwa "Gavana fulani alistahili kuondolewa," tungekuwa mahakama, na sisi si mahakama. Hatukuwa na mashahidi, wala washtakiwa hawakuwapo wajitetee. Lakini juu ya kura na Katiba kila mwananchi ana haki ya kusema, hata yule ambaye bado hajapata kitambulisho.

Majina yaliruhusiwa kuingia kama mifano tu, tena kwa mambo yaliyo wazi: nani alichaguliwa lini, bunge lilipiga kura lini, mahakama iliamua nini. Ya chumbani na ya uvumi yalifungiwa nje.

FUNZO LA PILI: PANDE ZIGAWANYWE KWA KURA

Mwalimu alikata vikaratasi, akaandika "mtetezi" au "mpinzani," akavikunja na kuvitia katika kofia ya mwenzetu mmoja. Kila msemaji aliokota upande wake. Kelele zikawa nyingi! Mvulana mmoja ambaye jamaa yao wote walikuwa wakitaka gavana aondolewe aliokota "mtetezi," yaani alitakiwa kusema kwamba kumwondoa ni kupokonya kura. Akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kusema uongo."

Mwalimu akamjibu, "Sikuombi useme uongo. Nakuomba unitafutie neno la kweli lililo upande wa pili."

Msomaji, jibu hilo liandike daftarini. Ukiweza kulitafuta neno la kweli la mpinzani wako, hutamwita mjinga tena.

FUNZO LA TATU: HOJA INA MIGUU MITATU

Hoja ni kama kigoda cha miguu mitatu. Ukikata mmoja, kinaanguka na aliyekikalia. Miguu yenyewe ni hii:

(a) Dai: jambo unalotaka tukubali.
(b) Ithibati: kinachoonyesha kwamba dai ni kweli, kama vile sheria, tarehe au hesabu.
(c) Kiungo: maelezo ya jinsi ithibati inavyolibeba dai.

Sasa tazama wasemaji wetu walivyofanya. Mtetezi wa kwanza alidai kwamba kura ni ya mwananchi na wala si ya diwani. Ithibati yake ilikuwa Embu: bunge la kaunti lilimkataa gavana mara mbili mwaka wa 2014, lakini mwaka wa 2017 wananchi wakamrudisha. Kiungo chake kilikuwa hiki: ikiwa wenye kura walisema ndiyo baada ya madiwani kusema la, basi madiwani hawakuwa wakisema kwa niaba ya wenye kura. Darasa likanguruma. Hata mimi kalamu ilisimama kidogo.

Mpinzani wa kwanza alikuwa msichana mfupi mwenye sauti nyembamba, na wengi walidhani amekwisha. Akasimama, akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, majaji wenye haki, naomba tuisome Katiba." Akaeleza kwamba Katiba ya 2010 ilipitishwa na wananchi wenyewe katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti mwaka huo, na kwamba ndani yake mna ibara ya 181, inayotaja sababu nne za kumwondoa gavana: kuvunja vibaya Katiba au sheria nyingine, kuwapo sababu nzito za kuamini kwamba ametenda kosa la jinai, kutumia mamlaka vibaya au kuwa na mwenendo mbaya uliokithiri, na kukosa uwezo wa mwili au akili wa kufanya kazi. Kisha akaunganisha: "Mwananchi alipiga kura mbili. Moja ya kumpa gavana kiti, nyingine ya kuweka masharti ya kiti. Mbona mwaitetea ya kwanza na kuisahau ya pili?"

Sikuwahi kusikia darasa letu likinyamaza namna ile. Mwalimu aliyekuwa mlangoni alisogea hatua moja ndani.

FUNZO LA NNE: HESABU HUTULIZA HASIRA

Mtetezi wa pili alipandwa na mori. Akasema ati madiwani wote wa Meru waliungana kumwangusha gavana. Papo hapo mkono ukainuka. "Hoja ya nidhamu, mheshimiwa mwenyekiti! Si wote." Mpinzani akafafanua: bunge la kaunti lina wajumbe 69. Ili gavana aondolewe, theluthi mbili ya wajumbe wote lazima wakubali, na theluthi mbili ya 69 ni 46. Agosti 2024 waliokubali walikuwa 49. Kwa hivyo walikuwapo ambao hawakukubali.

Hapo nikaona ajabu. Mtetezi badala ya kukasirika alikubali marekebisho, akayatumia. "Vyema," akasema, "ni 49. Basi kura 3 zaidi ya kiwango ziliamua jambo lililoamuliwa na maelfu." Wapinzani nao wakajibu kwamba bunge la kaunti haliamui peke yake. Jambo hupelekwa Seneti, ambako kila kaunti kati ya kaunti 47 ina kura moja, na lazima kura 24 zipatikane. Seneti hiyo hiyo ilikwisha kataa mara mbili katika kisa cha Meru. Kisha mahakama iko, kama Embu ilivyoonyesha. "Ni chujio tatu," wakasema. "Chai iliyochujwa mara tatu haiwezi kuitwa majani."

Mnaona jinsi hesabu moja iliyosahihishwa ilivyozaa hoja mbili mpya? Uvumi haungezaa hata moja.

FUNZO LA TANO: JIBU HOJA, USIMJIBU MTU

Kabla ya kumjibu mpinzani, kila msemaji alitakiwa kwanza aseme, "Mwenzangu amesema hivi na hivi," na mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kanuni hii inachosha kidogo mwanzoni. Lakini ni vigumu kumtukana mtu ambaye umetoka tu kuyarudia maneno yake kwa uaminifu.

Mara moja tu mambo yalitaka kuharibika. Kijana mmoja wa viti vya nyuma, ambaye hakuwa msemaji, alipaza sauti akataja sehemu anakotoka mwenzake na kusema watu wa huko ndivyo walivyo. Mwalimu aliinua mkono, mdahalo ukasimama. Hakufoka. Alitueleza kwamba ibara ya 33 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, lakini uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na kwamba anayeutumia lazima aheshimu haki na sifa za wengine. Kisha akamwuliza kijana, "Hiyo ilikuwa hoja? Dai lake ni lipi? Ithibati yake?" Kijana akatazama dawati. "Basi keti, ukiipata utaruhusiwa." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Wengine hudhani adabu hii ya mazungumzo ni ya kizungu. La hasha. Hapa Meru tunalo Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, ambalo tangu zamani limeamua kesi na ugomvi kwa kusikiliza na kuzungumza. Tofauti ni kwamba katika baraza lile la zamani msichana hangesimama. Katika darasa letu alisimama, na ndiye aliyesoma Katiba.

FURAHA YA MWALIMU

Mdahalo ulipokaribia kwisha, yule mvulana aliyesema hawezi kusema uongo alitoa maneno yake ya mwisho. Alitetea vizuri sana. Alisema miaka mitano ni mkataba, na fundi uliyemkodi hufukuzwi kwako na jirani. Msichana wa upinzani alipoinuka kumjibu, alisema: "Mheshimiwa mwenyekiti, hoja ya fundi sijapata jibu lake. Nitajibu zile mbili nyingine."

Mwalimu alicheka kwa sauti, akajipangusa jicho kwa mkono uliojaa chaki, akabaki na mstari mweupe shavuni. Hakuna aliyemwambia. Kwa sababu gani alifurahi hivyo? Nilimwuliza hilo pia. Akasema amefundisha insha kwa miaka mingi, na amesoma hoja nyingi sana za kukariri, lakini ni mara chache amemsikia kijana akikiri hadharani kwamba mwenzake amesema jambo zito. "Huyo," akasema, "hata akiwa diwani kesho, kaunti italala salama."

Tulikuwa tumehesabu mikono kabla ya kuanza. Tulipohesabu tena, wanafunzi tisa walikuwa wamehama, wengine huku, wengine kule. Watetezi walishinda kwa kura chache. Mtu akauliza, "Na wewe mwalimu, uko upande gani?" Akajibu, "Mimi niko upande wa saa, na saa imekwisha."

MGENI WA ASUBUHI

Hofu ya mwalimu haikuwa ya bure. Kesho yake asubuhi mzazi mmoja alifika shuleni kuuliza ni siasa gani watoto wanalishwa. Kumbe mwanawe alikuwa amemwuliza wakati wa chakula cha jioni, "Baba, ithibati yako ni ipi?"

Niliitwa na daftari langu. Lilikuwa na safu mbili, hoja za watetezi na hoja za wapinzani, kila moja na ithibati yake. Mzazi alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akarudi wa kwanza. Mwishowe akasema, "Upande wa mwalimu siuoni." Mwalimu mkuu akamwambia haumo. Mzazi akaniuliza kama ile habari ya theluthi mbili ni kweli, nikamwonyesha. Akaaga. Sisemi alifurahi. Nasema aliondoka akijua kilichosemwa, na hilo lilitosha. Basi enyi makatibu, andikeni! Daftari la katibu ndilo ngao ya mwalimu.

MSAMIATI

Mada: jambo linalojadiliwa.
Mtetezi: anayeunga mkono mada.
Mpinzani: anayeikataa mada.
Ithibati: kinachothibitisha dai.
Hoja ya nidhamu: ombi la kusimamisha msemaji kwa sababu kanuni imevunjwa au jambo limepotoshwa.
Ugatuzi: kugawa mamlaka kutoka serikali kuu hadi kaunti.
Porojo: maneno mengi yasiyo na ithibati.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Igeuze mada hii isiwe na jina la mtu: "Diwani wetu hafai."
2. Taja dai, ithibati na kiungo katika hoja ya msichana aliyesoma ibara ya 181.
3. Bunge la kaunti lina wajumbe 48. Ni wangapi lazima wakubali ili gavana aondolewe?
4. Ijibu hoja ya fundi. (Hadi leo darasa letu halijakubaliana.)

Ndugu zangu, wengi wetu tutakuwa na umri wa kupiga kura karibuni. Wanasiasa watakuja na lori zenye vipaza sauti, na hapo hapatakuwa na mweka saa wala mwalimu mlangoni. Tutakachokuwa nacho ni swali lile dogo lililomsumbua mzee wa watu mezani. Tulifanyie mazoezi sasa, tungali na mtu wa kutusahihisha. Walimu wetu nao wasiache kwa sababu ya hofu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na darasa ndipo mahali pa bei rahisi pa kujifunza kushindwa. Kwa hayo machache natia nanga. Kiswahili kitukuzwe!